Picha ya Kweli Yaweza Kusema Uongo?

Siku chache kabla ya Kwaresima tulikuwa tukipanga vitabu vya maktaba ya parokia yetu. Vingi ni vya zamani. Viliachwa na mapadri wamisionari ambao wengine walirudi kwao, na wengine wamelala hapa katika makaburi ya misioni. Vijana wawili walitusaidia kufuta vumbi na kutenga vile vilivyoliwa na mchwa. Basi, kijana mmoja alipokung'uta kitabu cha sala cha Kilatini, ikaanguka kadi ya posta.

Tukaiokota, tukaipeleka dirishani. Ni picha ya kijiji cha Uingereza kando ya mto. Maji yametulia kama mafuta katika sahani. Ukingoni kuna kinu cha zamani cha kusagia nafaka, kile cha kuendeshwa na nguvu ya maji. Nyuma ya miti waonekana mnara mfupi wa kanisa. Anga ni buluu, majani ni mabichi, na ukutani pana maua mekundu. Hakuna mtu hata mmoja. Chini pameandikwa jina la kijiji, Iffley, na jina la mto, Thames. Mgongoni pana tembre ya nusu peni, muhuri wa posta wa mwaka wa 1909, na maneno machache ya wino uliofifia. Mwandishi anamwambia shangazi yake kwamba wote ni wazima, hali ya hewa ni nzuri, naye asiwe na wasiwasi.

Kijana aliyeiangusha aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Mwalimu, hawa Mungu aliwapenda kuliko sisi."

Tukacheka, wala hatukumjibu. Tena tukafanya kosa kubwa kuliko lake. Jumamosi iliyofuata tuliichukua kadi ile mpaka kwa watoto wa komunyo ya kwanza, tukawaonyesha, tukasema: "Watoto, paradiso ni nzuri kupita hapa." Kasichana kamoja kakainua mkono, kakauliza: "Mwalimu, watu wako wapi?"

Swali hilo nalo hatukulijibu. Lakini halikutuacha. Usiku tuliirudia kadi chini ya taa, tukaona kwamba mtoto ameona zaidi kuliko mwalimu wake. Ndipo tukaanza kuuliza habari za kijiji kile: kwa padri mmoja aliyesoma Ulaya, katika vitabu, na hata katika simu ya vijana wetu. Tuliyoyapata twawagawia leo, maana yametufikisha katika swali linalotuhusu sisi sote: je, picha isiyoonyesha ila kweli yaweza kusema uongo?

Kwanza tujue kadi hizi ni kitu gani. Posta ya Uingereza ilitoa kadi yake ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1870. Ilikuwa kipande cha karatasi ngumu bila picha. Mwaka wa 1894 watu binafsi waliruhusiwa kuchapa kadi zenye picha na kuzituma kwa tembre ya nusu peni. Lakini upande wa pili ulikuwa wa anwani tu, hata mwenye neno la kusema alilibana pembezoni mwa picha. Mwaka wa 1902 upande huo ukagawanywa sehemu mbili: huku anwani, huku maneno. Tangu hapo kadi zikaenea kama mvua ya masika. Mamia ya milioni yalipita katika posta ya Uingereza kila mwaka. Mtumishi wa nyumbani, fundi, mwanafunzi, wote waliweza kutuma kwao habari fupi pamoja na picha nzuri. Ilikuwa kama simu yetu ya siku hizi.

Sasa tukitazame kijiji chenyewe. Iffley iko karibu na kilomita 3 kutoka katikati ya Oxford, mji wenye chuo kikuu mashuhuri, na siku hizi imeingizwa ndani ya mji huo. Mto Thames una urefu wa kilomita 346. Mto wetu Kongo waupita zaidi ya mara kumi, lakini Waingereza wanaupenda mto wao kama sisi tunavyoupenda wetu. Kinu cha Iffley kilisimama pale kwa karne nyingi. Wachoraji walikichora, wapiga picha wakakipiga, hata kikawa mojawapo ya vinu vilivyojulikana sana katika nchi ile.

Nacho kiliungua. Mwaka wa 1908 moto ulikiteketeza, wala hakikujengwa tena.

Someni tena muhuri wa posta: 1909. Siku shangazi yule alipopokea kadi na kuufurahia uzuri wa kinu, kinu kilikuwa majivu. Picha ilikuwa ya kweli siku ilipopigwa, lakini kitu chenyewe kilikuwa kimetoweka.

Na zile rangi? Chombo cha kupiga picha cha siku zile kilitoa picha nyeusi na nyeupe. Rangi ziliongezwa baadaye na wachapaji. Kabla ya vita ya 1914, kadi nyingi za Uingereza zilichapwa Ujerumani, na aliyetia rangi mara nyingi alikuwa hajawahi kukanyaga kijiji alichokipaka. Yeye aliambiwa: hapa majani, hapa anga. Kama ukutani palikuwa na maua mekundu au hapakuwa na kitu, atajuaje?

Haya ni mambo ya juu tu. Waswahili husema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tukiingia ndani, twakuta nini?

Twakuta wakulima wa vibarua. Wilaya ile ya Oxford ilikuwa kati ya wilaya zilizowalipa vibarua wa shamba mishahara midogo kabisa katika Uingereza yote. Mwaka wa 1907 mapato yao hayakufika shilingi 15 kwa juma, na kwa fedha hiyo mtu alilisha mke na watoto, akalipa na nyumba. Mzee asiye na mtoto wa kumtunza alitazamia nini? Serikali ilianza kuwapa wazee maskini waliofika miaka 70 shilingi 5 kwa juma tarehe 1 Januari 1909 tu. Vile vijumba vizuri vya kwenye kadi ndimo walimokaa watu hawa.

Twakuta pia hatari ya maji. Ukishuka na mto kidogo kutoka Iffley, wafika Sandford, ambapo maji yanaanguka kwa nguvu penye kizuizi. Pale lilisimamishwa jiwe la ukumbusho wa wanafunzi wa chuo kikuu waliokufa maji, wakiwamo wawili wa mwaka wa 1843, na wengine wawili wa mwaka wa 1921. Ni maji yale yale yaliyotulia kama mafuta katika sahani.

Na ule mnara mfupi wa kanisa? Kanisa lile lilijengwa katika karne ya 12, nalo limewekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria. Ubavuni mwake, tangu mwaka wa 1232 hata 1241, aliishi mwanamke mmoja jina lake Annora. Alikuwa mjane wa ukoo mkubwa. Mfalme John aligombana na baba yake, akamkamata mama yake, na mwaka wa 1210 mama huyo alikufa kwa njaa gerezani. Annora mwenyewe alionja kifungo. Baada ya hayo yote, na baada ya kufiwa na mumewe, alichagua kujifungia katika chumba kidogo kilichoshikamana na kanisa, asitoke tena, asali mpaka kufa. Mfalme Henry III, mwana wa mfalme yule aliyewatesa wazazi wake, alimpelekea kuni na nafaka. Tazameni sasa mnara ule nyuma ya miti. Ni machozi mangapi na sala ngapi zimefichwa pale, na kadi haisemi hata neno moja.

Basi, kadi imetudanganya?

Tusikimbilie kujibu. Mtakatifu Agostino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, akafundisha kwamba mwongo ni mtu mwenye jambo moja moyoni na jingine mdomoni, naye ataka kumpotosha mwenzake. Kumbe mtu aweza kusema jambo lisilo kweli bila kuwa mwongo, akiwa amekosea tu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifuata njia hiyo, akaongeza jambo la kutufaa sana. Alifundisha kwamba uongo hausemwi kwa mdomo peke yake. Mtu aweza kudanganya hata kwa matendo na ishara, pale anapojionyesha kuwa vile asivyo. Lakini kunyamaza kweli fulani si sawa na kuikana. Mwenye kidonda halazimishwi kukifunua sokoni.

Tulipime jambo letu kwa mizani hiyo. Mpiga picha aliyengoja jua litoke, akasimama mahali pazuri, amenyamaza habari za siku za mvua na njaa. Kunyamaza huko si dhambi, kwani hakuna picha iwezayo kuonyesha yote. Mtia rangi aliyeweka maua ambapo hapakuwa na maua, ili mnunuzi aamini yapo, amekwenda mbele kidogo, na dhamiri yake ina neno la kumwuliza. Mwandishi aliyetuma picha ya kinu kilichoungua ili kumtuliza shangazi, sisi hatutamhukumu.

Lakini yuko mtu wa nne, naye ndiye tunayemsahau. Ni mtazamaji. Picha haikumwambia kijana wetu kwamba Mungu aliwapenda wale kuliko sisi. Hilo alilisema mwenyewe. Picha haikutuambia sisi kwamba kijiji kile ni mfano wa paradiso. Hilo tulilisema wenyewe, tena mbele ya watoto. Kweli na uongo hukaa katika hukumu ya akili. Karatasi haihukumu. Anayehukumu ni sisi.

Na chombo kile kile chaweza kuwa shahidi wa haki. Katika miaka hiyo ya kadi nzuri, mmisionari Mwingereza, Bibi Alice Seeley Harris, alikuwa hapa Kongo, katika misioni ya Baringa. Mwaka wa 1904 alipiga picha ya baba mmoja, jina lake Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Ndivyo vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumwua mtoto. Picha hiyo na nyingine zilipelekwa Uingereza, zikaonyeshwa ukutani kwa taa katika kumbi zilizojaa watu. Waliozitazama hawakusema tu "maskini". Waliuliza: ni nani aliyefanya hivi, na kwa sababu gani? Maswali hayo yalisaidia kumlazimisha Mfalme Leopold II aiachilie Kongo, na serikali ya Ubelgiji ikaitwaa mwaka wa 1908, mwaka ule ule kinu cha Iffley kilipoungua. Utawala mpya haukumaliza maumivu ya babu zetu, twajua. Lakini picha iliyotazamwa na watu wanaouliza ilifanya kazi ambayo picha iliyotazamwa na watu wanaotamani tu haiwezi kuifanya.

Labda msomaji atasema: mwalimu, kumdhania mtu mema kuna ubaya gani? Tumekatazwa kumdhania jirani mabaya, si mema. Tungesema hivyo sisi pia, kama isingekuwa habari ya mama mmoja wa parokia yetu. Ametupa ruhusa kuisimulia bila jina lake.

Mama huyo ni mjane. Mwanawe wa kwanza aliondoka zamani kidogo, akapita nchi nyingi, akafika Ulaya. Tangu hapo alikuwa akituma picha kwa simu. Katika moja amesimama kando ya gari jekundu. Katika nyingine amevaa shati jeupe mbele ya nyumba kubwa yenye bustani. Picha hizo zilitembea katika mtaa wetu kutoka simu hata simu. Na kwa kila picha yalikuja maombi. Mjomba aliomba karo ya watoto. Shangazi aliomba fedha ya hospitali. Mama aliomba mabati ya nyumba, na mabati yakaja. Kisha fedha zikapungua. Kisha kijana akaacha kuitika simu. Mjomba akasema mbele ya watu kwamba mtoto yule ni mwenye moyo wa jiwe, amewasahau waliomlea.

Mwaka jana jirani mmoja alirudi kutoka kule, akasema kweli. Kijana anaosha vyombo usiku katika jiko la watu. Gari halikuwa lake, wala nyumba. Wakati mmoja wa baridi alilala katika kituo cha gari la moshi. Fedha ya mabati aliikopa, na deni lake analilipa hata leo.

Mama alitufuata baada ya Misa ya Jumapili, akakaa kwenye benchi ya mwisho, akasema: "Mwalimu, wewe umesoma. Niambie. Mtoto wangu alinidanganya?"

Tulifikiri yale tuliyofundishwa seminari. Kijana hakusema: gari ni langu. Alisimama kando yake tu. Je, hilo lamwokoa? Zamani walikuwako waalimu waliofundisha kwamba mtu aweza kusema nusu ya neno na kuimaliza nusu ya pili moyoni mwake, asihesabiwe mwongo. Papa Inosenti XI aliyakataa mafundisho hayo mwaka wa 1679. Anayepanga ishara zake ili mwenzake aamini yasiyo kweli, huyo amesema yasiyo kweli. Basi tukamjibu: "Ndiyo, Mama. Kunyamaza shida zake kungekuwa haki yake. Lakini kusimama kando ya gari la mtu ili ninyi mwamini ni lake, kuna uongo ndani yake. Ila aliufanya kwa haya na kwa mapendo, na Mungu anajua kupima."

Mama akanyamaza. Kisha akasema maneno ambayo hatukuyasoma katika kitabu chochote: "Na mimi, Mwalimu? Miaka yote hii sikumwuliza hata siku moja kama amekula. Nilimwuliza mabati."

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo tulipoona ubaya wa kumdhania mtu mema kwa haraka. Tukiamini kwamba mwenzetu ameshiba, hatumpi chakula. Tukiamini kwamba hana shida, hatumwombei. Tukiamini kwamba ana fedha, twamdai. Na yeye, akiona kwamba tunaipenda picha kuliko tunavyompenda yeye, anatuma picha nyingine nzuri zaidi. Mtoto yule alisema uongo, ndiyo. Lakini sisi wa mtaa tulikuwa tumeununua kabla hajausema.

Kumbukeni Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese kumpaka mafuta mfalme. Alimwona mwana wa kwanza, mrefu, mzuri wa sura, akafikiri ndiye. Hakumdhania mabaya, alimdhania mema. Mungu hata hivyo alimkataza kuitegemea sura, maana Yeye hutazama moyo. Na aliyechaguliwa hakuwako hata mbele ya macho yake. Alikuwa malishoni na kondoo, ikabidi watu waulize na kumwita.

Wazee wetu pia walitufundisha jambo hilo penye maji: usione vyaelea, vimeundwa. Ukiona mtumbwi unakwenda vizuri juu ya mto, kumbuka mti uliokatwa, na mikono iliyochubuka.

Basi tufanye nini? Hatusemi mtu asipige picha nzuri, wala asiifurahie. Uzuri watoka kwa Mungu, na mto wa Iffley ni mzuri kweli. Twasema mambo mawili. Wewe unayetuma picha, nyamaza unalotaka kulinyamaza, lakini usijivike kisicho chako. Na pawepo angalau mtu mmoja nyumbani anayeijua hali yako ya kweli, asije akakulaani bila kujua. Nawe unayetazama, usiseme neno juu ya Mungu wala juu ya jirani kabla hujauliza lile swali la kasichana ka komunyo ya kwanza: watu wako wapi? Wanakula nini? Nani analia nyuma ya ukuta ule wenye maua?

Mama yule alimpigia mwanawe simu siku ile ile jioni. Alituambia kwamba hakumtajia gari wala deni. Alimwuliza kama amekula, na amekula nini. Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akaeleza. Tangu siku hiyo anaitika. Picha anazotuma zimepungua, na mjomba bado ana hasira. Mambo ya watu hayatengenezwi kwa siku moja.

Kadi tumeirudisha katika kitabu chake cha sala. Kabla ya kuirudisha tulimwita kijana aliyeiangusha, tukamsimulia yote: moto wa 1908, vibarua wa shilingi 15, wanafunzi waliozama, na Annora katika chumba chake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba kalamu ya risasi, akaandika kwa herufi ndogo pembezoni mwa picha, kama walivyofanya watu wa kabla ya 1902: Kinu hiki kiliungua. Waombeeni watu wa hapa.